Nani Kamfundisha Mlembe?

Nilikuwa na miaka 11 babu aliponichukua porini kurina asali. Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, majani ya miombo yameanza kukauka, asubuhi kuna baridi ya kukufanya ujikunyate. Kwetu ni Sikonge, mkoa wa Tabora. Ukivuka shamba la mwisho la tumbaku unaingia kwenye miombo, na miombo yenyewe ni ya kutembea siku nzima bila kuona bati.

Babu alikuwa na mizinga yake ya magogo na ya magome, imetundikwa huku na huko juu ya miti, lakini siku hiyo hakutaka ya mizinga. Alitaka asali ya kwenye mvungu, ile ambayo nyuki wamejiwekea wenyewe ndani ya mti. Alibeba shoka, panga na fungu la majani makavu lililofungwa kwa kamba ya gome, la kutengenezea kienge. Mimi nilipewa ndoo na kiberiti.

Nilidhani tutakwenda tukiangalia nyuki wanaruka kuelekea wapi, si ndiyo maana watu husema fuata nyuki ule asali? Babu hakuangalia nyuki hata mmoja. Alisimama chini ya mtundu mkubwa, akapiga mluzi mrefu unaopanda mwishoni kama swali, kisha akagonga shina kwa upande wa nyuma wa shoka, ko, ko, ko. Akanyamaza, akasikiliza. Akarudia. Tulisogea mbele kidogo, akarudia tena. Nilikuwa nimeshaanza kuchoka na mchezo huo niliposikia juu yetu sauti kama ya mtu anayetikisa kiberiti kilichojaa njiti.

"Huyo kaja," babu akasema, akaweka shoka begani.

Alikuwa mlembe, ndege wa kawaida kabisa, wa kupitwa na macho. Mkubwa kidogo kuliko shorewanda, mgongo wa kahawia, tumbo jeupe lililofifia. Jambo moja tu lilimpambanua: akiruka, manyoya ya pembeni mwa mkia yanafunguka na kuonyesha weupe, kama mtu anayepunga leso. Aliruka, akatua mti wa nne mbele yetu, akachakarisha. Tulipomkaribia akaruka tena. Tukichelewa, anarudi. Mara moja nilisimama kutoa mwiba mguuni, akaja mpaka kwenye tawi lililokuwa juu ya kichwa changu, akapiga kelele zile zile kwa haraka zaidi, na mimi nikajikuta namwambia, "Shikamoo, nakuja." Babu alicheka sana, lakini hakuniambia kwamba nimekosea.

Mti wa kwanza aliotupeleka ulikuwa na mzinga wa gogo, wa mtu. Babu aliinua macho akauona, akauona na msumari wa alama, akageuza. "Huu una mwenyewe." Ndege hakuelewa. Alikaa kwenye tawi la jirani, kimya, anatusubiri tufanye kazi. Tulipoanza kuondoka alitufuata akilalamika, na babu akamjibu kwa upole kama anavyojibiwa mtoto anayeomba embe la shamba la jirani: "Hilo si letu, baba. Tutafutie jingine." Akapiga tena mluzi.

Jingine lilikuwa mbali. Nadhani tulitembea karibu saa nzima. Kisha ndege akabadilika. Miruko yake ikawa mifupi, akawa anatua kwenye matawi ya chini, na zile kelele zikapoa, zikawa moja moja zenye kituo katikati, mwisho akanyamaza kabisa. Babu alikwishajua. Alizunguka mninga mmoja mzee polepole, kichwa amekiinamisha upande kama anayesikiliza ukutani, akaniita, akanionyesha kwa kidole. Palikuwa na ufa usiozidi upana wa kiganja changu, umepakwa utomvu mweusi kandokando, na nyuki wanaingia na kutoka.

Kazi iliyofuata mrina yeyote anaijua: kienge, moshi, shoka, kuumwa, kulia, kunyamaza. Ninachotaka kukisimulia ni mwisho wake. Ndoo ilipojaa, babu alichagua kipande cha sega, kikubwa kuliko mkono wangu, chenye majana meupe ndani, akakilaza juu ya majani mapana hatua chache kutoka kwenye shina. Nta zilizodondoka akaziacha zilipo. Tulipokuwa tunaondoka niligeuka nikamwona mlembe ameshuka, anadona. Hakugusa asali. Alikuwa anakula nta.

"Usipomwachia chake," babu alisema, "kesho anakupeleka kwa simba."

Nikamuuliza swali ambalo nimeishi nalo mpaka leo. "Babu, nani kamfundisha?"

"Mama yake," akasema. "Kama mimi ninavyokufundisha wewe."

*

Leo nafundisha biolojia, na nimejua kwamba babu, aliyelijua pori kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu, katika hilo moja alikosea. Mlembe hamjui mama yake. Hajawahi kumwona.

Mlembe jike hajengi kiota. Hutafuta kiota cha ndege mwingine, mara nyingi wale wanaotaga kwenye mashimo, anaingia, anataga yai moja, anaondoka moja kwa moja. Anayebebeshwa mzigo huo mara nyingi ni keremkerem, ndege mla nyuki, ambaye huchimba kitundu chake hata ndani ya shimo kuukuu la mhanga. Kilichokuwa kinatokea humo gizani hakikuonekana vizuri mpaka mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walipoweka kamera kwenye viota vya aina hiyo kusini mwa Zambia, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Jike la mlembe huwa limekwisha kutoboa baadhi ya mayai ya mwenyeji linapotaga la kwake. Kifaranga chake hutoka yaini kipofu, bila unyoya hata mmoja, lakini ncha ya mdomo ina ndoana mbili kali, ya juu na ya chini. Vifaranga vya mwenyeji vikianguliwa, kinavishika gizani na kuvichoma mpaka vinakufa. Mzazi wa kulea anasimama hapo hapo na chakula mdomoni, hajui kinachoendelea. Siku chache baadaye ndoana zile hudondoka, hazina kazi tena, na kifaranga kinalishwa peke yake kwa mwezi hivi mpaka kinaruka.

Huwa nawasomea wanafunzi wangu sehemu hiyo na darasa zima linakunja uso. Wananiuliza kama ndege huyo ni mbaya. Ninawaambia ubaya unahitaji mtu anayeweza kufanya vingine. Lakini nakiri kwamba mara ya kwanza kusoma habari hizo, nikiwa chuo, niliweka kitabu chini nikatoka nje. Nilikuwa namwona yule wa mkia mweupe, aliyerudi kunisubiri nikitoa mwiba.

Sasa fikiria hali ya kijana huyo siku anapotoka shimoni. Amelelewa na keremkerem. Keremkerem hali nta, haongozi mtu, hana habari na mrina. Hakuna mlembe mkubwa aliyemchukua kwa mkono kumwonyesha huu mti, huu mzinga, huyu binadamu. Hata hivyo, walembe wachanga, wale wenye kifua cha manjano ambao bado hawajapata manyoya ya utu uzima, huonekana wakiongoza watu. Wanajua kelele ya kupiga. Wanajua kuruka kidogo na kusubiri.

Kwa hiyo sehemu fulani ya kazi ile mlembe anazaliwa nayo. Imo katika damu, kama tunavyosema, na kwa lugha ya somo langu imo katika jeni. Na mama yake kwa kweli humwachia urithi, ila si wa masomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha jeni ambazo hupita kwa mama tu, ukakuta walembe wamegawanyika katika koo mbili za kike: wanaotagia wenyeji wa mashimo ya ardhini, na wanaotagia wenyeji wa matundu ya miti. Ukubwa na umbo la mayai yao hufuata ukoo. Koo hizo zimeachana kwa takribani miaka milioni 3, ingawa madume huoa pande zote na ndege wanabaki kuwa wa aina moja. Yaani binti anataga kama bibi wa bibi wa bibi yake alivyotaga, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona mwenzake.

*

Kinachonishangaza ni jinsi tabia ya namna hii inavyoweza kuanza. Mageuko ya viumbe hayana fundi anayechora ramani kwanza. Yanahitaji kila hatua ndogo imlipe aliyeichukua, hapo hapo alipo, bila kungoja faida ya wajukuu.

Anza na nta. Ni chakula chenye nguvu nyingi sana, lakini karibu wanyama wote hawawezi kuiyeyusha tumboni. Mlembe anaweza, na hiyo peke yake ni hazina isiyogombewa. Mwaka 1588 mmisionari Mreno, João dos Santos, akiwa Sofala kwenye pwani ya Msumbiji ya leo, aliandika kuhusu ndege mdogo aliyekuwa akiingia kanisani kwake kudonoa mishumaa ya nta ya altareni. Aliandika pia kwamba ndege hao huwaongoza watu kwenye nyuki. Basi nta ni yake. Shida ni kwamba imefungiwa ndani ya mti, na mlango unalindwa na nyuki wa Afrika. Ngozi ya mlembe ni nene lakini haitoshi. Wamewahi kupatikana walembe waliokufa kwa kuumwa.

Ndege wa zamani aliyependa nta alikuwa na sababu ya kukaa karibu na yeyote mwenye uwezo wa kubomoa. Kumfuata tu kulimlipa. Aliyechangamka na kupiga kelele akimwona mbomoaji huenda alivuta macho yake, akalipwa zaidi. Aliyeruka kuelekea mzinga anaoujua wakati wa kelele zile alilipwa zaidi ya wote. Hatua kwa hatua, hakuna hata moja inayohitaji ndege kukaa chini na kupanga.

Mbomoaji huyo wa kwanza alikuwa nani? Vitabu vingi vilisema nyegere. Babu mwenyewe alisema nyegere. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliowauliza warina asali karibu 400 katika nchi 9 za Afrika kama wamewahi kuona mlembe na nyegere wakishirikiana, na walio wengi wakasema hapana. Ila Wahadzabe wengi wa hapa kwetu walisema ndiyo, wameona. Mimi naona watu wanaolala na kuamka porini wakisema wameona, hoja haijafungwa. Lakini pia nyegere hutembea sana usiku, na mlembe usiku amelala. Wapo wanasayansi wanaoamini mshirika wa kale zaidi alikuwa mtu, au babu wa mtu, tangu aliposhika jiwe la kupasulia na baadaye moto. Nyegere hana kienge.

*

Aliyenifumbua macho kuhusu ndege huyu kama kiumbe mwenye akili, zaidi ya kichezeo chenye springi ndani, ni Mkenya, Hussein Isack, Mborana aliyekuwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Warina wa kwao kaskazini mwa Kenya walikuwa wakisema kwamba mlembe huwaeleza mambo matatu: mzinga uko upande gani, uko umbali gani, na mmefika. Wazungu waliyaandika maneno hayo kama hadithi za wenyeji. Isack akayapima. Alifanya kazi hiyo kwa miaka 3, na mwaka 1989, pamoja na Heinz-Ulrich Reyer, akachapisha kwamba wazee walisema kweli.

Mwelekeo anaouruka ndege unaelekea kwenye nyuki. Mara ya kwanza akikuona, huondoka kwa muda kabla ya kurudi, na kadiri mzinga ulivyo mbali ndivyo anavyokawia. Mkikaribia, miruko kati ya vituo inakuwa mifupi na anatua chini zaidi. Mkifika, sauti inabadilika kisha inakoma. Niliposoma hapo nilisimama nikaita jina la babu kwa sauti, peke yangu chumbani.

Katika eneo wasilolizoea, warina wa Kiborana walitumia wastani wa saa 8.9 kupata mzinga mmoja wakiwa peke yao, na saa 3.2 wakiwa na mlembe. Na ndege naye alifaidi: asilimia 96 ya mizinga hiyo asingeweza kuila mpaka mtu aifungue kwa zana au moto. Isack alijificha pia karibu na mizinga, akawaona walembe wakiipitia kuikagua asubuhi za baridi au za mawingu, nyuki wakiwa wamepoa, wanakwenda mpaka mlangoni na kuchungulia.

Kukagua huko ndiko ninakotaka wanafunzi wangu wakuone. Ndege huyu hazaliwi na orodha ya mizinga ya Sikonge. Mzinga wa mwaka jana umehama, wa mwaka huu uko mti mwingine. Lazima ajifunze mwenyewe, akumbuke, apime upya. Kelele kapewa na ukoo wake, ramani kaitengeneza kwa macho yake.

Kuna na fungu la tatu, na hilo limejulikana juzi tu.

Wayao wa hifadhi ya Niassa huko Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, wanapomtaka mlembe hutoa sauti ya kutetemesha ulimi inayoishia kwa mguno: brrr-hm. Hawaitumii kwa kitu kingine chochote. Mwaka 2016 Spottiswoode, Keith Begg na Colleen Begg walichapisha jaribio rahisi kabisa. Walitembea porini wakicheza kwenye spika sauti hiyo, au maneno ya kawaida ya Wayao, au sauti ya hua. Kwa sauti nyingine, uwezekano wa kuongozwa na mlembe ulikuwa asilimia 33. Kwa brrr-hm ulikuwa asilimia 66. Na uwezekano wa kuongozwa na hatimaye kuonyeshwa mzinga ulipanda kutoka asilimia 16 hadi 54. Ndege wa porini, ambaye hajafugwa na mtu wala hajawahi kushikwa, anaelewa kwamba sauti ile maana yake ni twende.

Wahadzabe wa ziwa Eyasi hawasemi brrr-hm. Wao hupiga mluzi wenye tuni. Basi mwaka 2023 Spottiswoode na mtafiti mwenzake Brian Wood wakachapisha jaribio la kubadilishana sauti. Kwenye vilima vya Kidero, huku Tanzania, walembe waliitikia mluzi wa Kihadzabe zaidi ya mara tatu kuliko walivyoitikia wito wa Kiyao. Kule Niassa ikawa kinyume, waliitikia wito wa Kiyao karibu mara mbili ya walivyoitikia mluzi. Ndege ni wa aina ile ile. Kila mmoja anajua lugha ya watu wa kwao.

Na hii haiwezi kuwa imetoka kwa mama asiyeonekana. Inaelekea kijana mlembe, akiwa ametoka kwenye shimo la keremkerem na kelele zake za kuzaliwa na njaa yake ya nta, husikia watu wakiita, anaona wito fulani unafuatwa na shoka na moshi na nta chini, pengine anawaona walembe wengine wakiujibu, na anaushika. Anajifunza kwetu. Swali langu la utotoni, jibu lake mojawapo lilikuwa limesimama mbele yangu limebeba shoka: waliomfundisha ni kina babu.

*

Sitaki nijenge picha ya urafiki usio na doa. Wood na wenzake waliowafuata Wahadzabe waliripoti mwaka 2014 kwamba kwa msaada wa mlembe mafanikio ya kupata mizinga yaliongezeka kwa asilimia 560. Na bado Wahadzabe wengi hawamwachii kitu. Hukusanya nta, huifukia au kuichoma, kwa hesabu kwamba ndege akishiba leo, leo hii hataongoza tena. Mwenye njaa anafanya kazi. Wayao, kama babu, hutenga fungu lake. Nimejaribu kutowahukumu Wahadzabe. Ni watu wanaokula wanachokipata siku hiyo, na hesabu yao ni sahihi. Lakini mimi nililelewa na mtu wa majani mapana, na moyo wangu uko kwake. Ile habari ya simba, kwa maoni yangu, ilikuwa namna ya kuhakikisha mjukuu mwenye tamaa hachukui mpaka kipande cha mwisho.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja, kijana makini, aliniambia: "Mwalimu, lakini hiyo si ni silika tu?" Neno "tu" liliniuma. Silika inaeleza kwa nini anapiga kelele. Haielezi anakumbukaje mti, haielezi kwa nini wa Kidero anageuka kwa mluzi na wa Niassa anageuka kwa brrr-hm, haielezi alivyonirudia nikiwa nimekaa chini na mwiba. Tumezoea kuiweka akili ndani ya fuvu la mmoja, halafu tunapima fuvu hilo ni kubwa kiasi gani. Fuvu la mlembe ni dogo kama karanga iliyobanguliwa. Ila ujuzi wa kupata asali kwa wito haukuwa wote kichwani mwake wala wote kichwani mwa babu. Kila mmoja alishika ncha yake, na kila kizazi cha pande zote mbili kililazimika kuishika upya.

Ndiyo maana nina wasiwasi, na wasiwasi wangu si wa vitabuni. Sukari inauzwa kila kijiji. Mizinga ya masanduku imekuja, ni mizuri, inamwokoa mrina kukata mti mzima kwa ajili ya ndoo moja, na ningekuwa mfugaji ningeitumia. Kwenye maeneo mengi ya hifadhi kuingia na shoka ni kosa. Kwa sababu zote hizo, kila moja ikiwa na haki yake, watu wanaacha kuita. Na mahali watu walipoacha kuita kwa muda mrefu, walembe nao huacha kuongoza. Wapo bado, wanataga, wanakula wadudu na nta wanayoipata kwa bahati. Wameacha tu kutuongelesha.

*

Nilirudi Sikonge mwezi wa sita uliopita. Babu hayupo tangu zamani. Mjomba ndiye mwenye nyuki sasa, masanduku yaliyopangwa juu ya vigingi nyuma ya shamba, mavazi meupe na bomba la moshi la bati. Tulikuwa tunakunywa chai barazani niliposikia kiberiti kikitikiswa juu ya mwembe.

"Huyo ana siku ya tatu," mjomba akasema bila kuinua macho. "Anapiga kelele tu."

Alikuwa na kifua cha manjano. Mchanga.

Nilimuuliza mjomba kama anaukumbuka mluzi wa babu. Alisema midomo yake haina tena pumzi hiyo, lakini akaujaribu, na mwisho wake ukapanda vile vile kama swali. Nikaupokea, nikaukosea, akanisahihisha. Mtoto wake wa miaka 7 akaupata mara ya kwanza, safi. Ndege alishuka tawi mbili.

Tukaondoka vile tulivyo, mjomba na ndala, mimi na simu mkononi, mtoto mbele akipiga mluzi kila hatua kumi mpaka nikaona huruma kwa mapafu yake. Mlembe hakutaka kubembelezwa. Alituvusha korongo, akatupitisha kwenye mashina ya miti iliyokatwa kwa ajili ya kukaushia tumbaku, akatuingiza kwenye miombo iliyobaki. Mjomba alikuwa ameacha kuongea. Miruko ikawa mifupi. Kisha kimya.

Ilituchukua muda kuuona ufa, ulikuwa upande wa juu wa tawi lililokufa, nyuki wachache wanaelea hapo kama vumbi kwenye mwanga. Tuliangaliana. Hatukuwa na shoka, hatukuwa na panga, hata kiberiti cha kweli hakuna aliyekuwa nacho.

"Kesho," mjomba akasema. Akachukua jiwe, akakwaruza alama kwenye gome.

Tukageuza. Mlembe akaja mbele yetu, akatua, akachakarisha, akaruka kurudi kule kule. Tulipoendelea kutembea alitupita tena, akatua chini zaidi, karibu na uso wa mtoto. Alitufuata hivyo korongo zima na shamba zima, mtoto akimwambia, "Kesho, kesho, tumesema kesho," mpaka tukafika barazani, chai imepoa, na yeye akakaa juu ya mwembe akiendelea kutuita.